Mgeni Aliyepitisha Siku Zake

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa chakula wa shule



Nashukuru sana kwa heshima niliyopewa ya kusimama mahali hapa ambapo zamani sikuruhusiwa kusimama ila nikiwa nimeshika sahani. Ndugu Katibu aliniandikia kwamba niseme juu ya vijana na safari za ng'ambo. Shauri hilo ni pana, na saa yenyewe ni ya kabla ya chakula. Kwa hiyo nimechagua sehemu moja tu, nayo ni hii: mtu aliyekwenda nchi ya watu kwa viza ya kutembea, siku zake zikaisha akiwa bado huko, kisha akaomba hifadhi ya ukimbizi. Sheria inamtazamaje mtu huyo? Nitaitumia nchi moja kuwa mfano, yaani Marekani, kwa sababu ndiyo inayotajwa mara nyingi katika maswali ninayoletewa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni ya mafaili na sheria. Kwa ajili hiyo wanachama wenzangu, na hata wazazi wa vijana waliosoma hapa, hunijia na swali ambalo maneno yake hubadilika lakini shina lake ni lile lile: "Kijana wangu alikwenda kumtembelea dada yake. Siku zimepita. Wenzake wamemwambia aombe hifadhi, ati atakuwa salama. Je, ni kweli?" Jibu la swali hilo si ndiyo wala si hapana, na ndiyo maana linahitaji hotuba. Naomba ieleweke kwamba nasema kwa nafsi yangu, si kwa niaba ya ofisi yoyote, wala mimi si wakili wa Marekani. Nitaeleza sheria ilivyo. Mwenye shauri lake mwenyewe hana budi kumwona wakili aliyesajiliwa huko.

Karatasi ya ruhusa

Vijana, ninyi mnaijua karatasi ya ruhusa. Mwalimu wa zamu huandika jina lako, unakokwenda, na saa ya kurudi. Sasa, msafiri wa Marekani hupewa ruhusa mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ruhusa ya kwanza ni viza, inayobandikwa katika pasipoti na ubalozi. Viza ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake ni siku ya mwisho ya kubisha hodi kwa viza hiyo, wala haisemi utakaa ndani muda gani. Ruhusa ya pili hutolewa na afisa wa mpakani siku ile unapofika. Yeye ndiye anayeweka tarehe ya mwisho ya kukaa. Kumbukumbu hiyo huitwa I-94. Tangu mwaka 2013, kwa wanaofika kwa ndege, imekuwa ikiwekwa katika kompyuta badala ya kipande cha karatasi, na msafiri huweza kuiangalia mwenyewe katika intaneti. Mgeni wa kutembea aghalabu huandikiwa miezi 6. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na viza ambayo bado ni nzima katika pasipoti yake, naye siku zake za kukaa zimekwisha zamani. Wapo waliopitisha siku kwa kosa hilo tu la kusoma tarehe isiyo yake.

Asiyetosheka na siku alizopewa, na ana sababu ya haki, anaruhusiwa kuomba aongezewe, ila aombe kabla tarehe haijapita. Hapo hakuna matata. Matata huanza siku ya pili yake.

Siku zikipita

Jambo la kwanza linalotokea ni kwamba viza ile hufa. Hata kama ilikuwa na miezi mingine mbele, aliyepitisha siku zake viza yake imebatilika, na kwa kawaida akitaka nyingine hana budi kuiomba katika nchi yake ya uraia.

Jambo la pili ni kuhesabiwa. Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria, ikatiwa sahihi na Rais Bill Clinton tarehe 30 Septemba, na hesabu yake ikaanza tarehe 1 Aprili 1997. Sheria hiyo inasema hivi: aliyekaa bila ruhusa kwa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akaondoka kwa hiari kabla hajafunguliwa shauri la kuondoshwa, asirudi kwa miaka 3. Aliyekaa bila ruhusa mwaka mmoja au zaidi, kisha akaondoka, asirudi kwa miaka 10. Na yule ambaye jumla ya siku zake zimezidi mwaka, akatoka, halafu akarudi kwa kupenya mpaka bila kukaguliwa, huyo amefungiwa daima, na hata kuomba asamehewe hawezi mpaka miaka 10 ipite akiwa nje. Siku ambazo mtu alikuwa bado hajatimiza umri wa miaka 18 hazihesabiwi katika ile miaka 3 na ile miaka 10.

Naomba mtazame vizuri tabia ya adhabu hii. Haimshiki mtu akiwa ndani. Humshika anapotoka. Aliyekwisha kupitisha mwaka hujikuta amesimama mlangoni: akibaki, hana ruhusa, akitoka, mlango hufungwa nyuma yake kwa miaka 10. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kuwaharakisha wageni kuondoka imewafanya wengine wasithubutu kuondoka kabisa.

Hifadhi ni kitu gani

Sasa nije kwenye hifadhi. Sisi watu wa Tanzania hatuhitaji kufundishwa mkimbizi ni nani. Tumewapokea Warundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, tena mwaka 2015. Tumewapokea Wanyarwanda mwaka 1994, na Wakongo kwa nyakati mbalimbali. Mwaka 2014 nchi yetu iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliotokana na wakimbizi wale wa mwaka 1972. Anayetoka Kigoma hapa anaweza kuieleza habari hiyo kuliko mimi.

Msingi wa sheria ni Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 na Itifaki yake ya mwaka 1967. Marekani ilijiunga na Itifaki hiyo mwaka 1968, na mwaka 1980 ikatunga Sheria ya Wakimbizi. Anayeomba hifadhi hana budi kuonyesha kwamba anaogopa kuteswa kwao, tena kwa sababu za msingi, na kwamba mateso hayo yanatokana na moja ya mambo matano: rangi au kabila lake, dini yake, utaifa wake, kundi maalumu la jamii ambalo yumo, au mawazo yake ya kisiasa. Orodha yenyewe ndiyo hiyo. Ukosefu wa kazi haumo. Mavuno mabaya hayamo. Tamaa ya kusomesha watoto, ingawa ni tamaa njema, haimo.

Je, aliyepitisha siku zake anaruhusiwa kuomba? Ndiyo. Sheria ya Marekani inasema wazi kwamba mtu yeyote aliyefika katika ardhi yake aweza kuomba hifadhi, awe na ruhusa ya kukaa au asiwe nayo. Ule Mkataba wa Geneva nao, katika kifungu chake cha 31, unazitaka nchi zisimwadhibu mkimbizi aliyetoka moja kwa moja mahali penye hatari kwa sababu tu ameingia au yumo bila kibali, mradi ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu ya haki. Waliotunga kifungu hicho walijua kwamba anayekimbia moto hasimami kutafuta mhuri.

Lakini maneno yale "bila kuchelewa" yana uzito. Sheria ile ya mwaka 1996 ilimwekea mwombaji kikomo: apeleke ombi lake ndani ya mwaka mmoja tangu siku aliyofika. Si mwaka tangu ruhusa ilipokwisha. Ni mwaka tangu alipofika. Zipo sababu mbili za kumsamehe aliyechelewa. Ya kwanza ni mambo kubadilika. Chukueni mfano wa Mrundi aliyekwenda Marekani kutembea mwaka 2013, akakaa kwa sababu zake, wala hakuwa na hofu ya nyumbani. Aprili 2015 ikatangazwa habari ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Mei likatokea jaribio la kumpindua. Vituo vya redio vikaharibiwa na watu wengi wakakimbia. Ikiwa mtu huyo ni mwandishi wa habari, hofu yake imezaliwa mwaka 2015, naye aweza kuieleza. Sababu ya pili ni dharura isiyo ya kawaida, kama vile ugonjwa mkubwa. Hata hivyo, katika sababu zote mbili sheria humtaka aombe katika muda unaostahili baada ya jambo lenyewe, wala haimpi ruhusa ya kulala. Wazee walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ombi linafanya nini na halifanyi nini

Hapa ndipo penye kosa la wengi, kwa hiyo nitakwenda polepole. Ombi la kweli la hifadhi likisha kupokelewa, hesabu ya siku niliyoitaja husimama maadamu ombi hilo liko mezani. Mwombaji huweza kubaki akingoja kusikilizwa, na baada ya muda uliowekwa huweza kuomba kibali cha kazi.

Lakini ombi halirudishi ruhusa ya kutembea iliyokwisha. Halifuti siku zilizokwisha kuhesabiwa kabla ya kupelekwa. Wala halimpi mtu uhuru wa kusafiri nje na kurudi, kwani anayeondoka pasipo kibali maalumu cha safari huhesabiwa ameliacha ombi lake. Tena, na hili halijulikani sana, kinga ile ya kusimamisha hesabu humwondokea mwombaji aliyefanya kazi bila kibali. Siku zake huendelea kuhesabiwa ingawa ombi lake liko mezani.

Nitoe mfano wa wageni watatu. Wote wamefika tarehe 10 Januari 2023, wote wameandikiwa kukaa mpaka tarehe 9 Julai 2023, na wote wana hofu ya kweli.

Mgeni wa kwanza apeleka ombi tarehe 20 Novemba 2023. Yumo ndani ya mwaka mmoja. Hesabu yake ya siku bila ruhusa imesimama kwenye 133. Ombi lake likikubaliwa, amepona. Likikataliwa kabisa, rufani zikaisha, hesabu haianzi na sifuri, bali inaendelea kutoka 133.

Mgeni wa pili aambiwa na rafiki zake, "Usijitokeze, watakukamata, subiri mambo yapoe." Apeleka ombi tarehe 15 Februari 2024. Siku zake zimekuwa 220, maana yake amekwisha kupita 180. Tena amevuka mwaka wake tangu Januari. Kabla mtu hajaisikiliza hofu yake, ataulizwa kwanza: ulikuwa wapi? Asipokuwa na sababu, hifadhi yenyewe hawezi kupewa. Itambidi aombe kinga nyingine iliyo ndogo zaidi, ya kutorudishwa kwenye hatari. Kinga hiyo haina kikomo cha mwaka, lakini ushahidi wake unatakiwa uwe mzito zaidi, haimfikishi kwenye ukaazi wa kudumu, wala haimwezeshi kumleta mke wala watoto.

Mgeni wa tatu apeleka ombi siku ile ile na wa kwanza, tarehe 20 Novemba. Lakini wiki inayofuata aanza kazi ya jikoni kwa malipo ya mkononi, pasipo kibali. Karatasi zake zafanana na za wa kwanza, ila hesabu yake haikusimama.

Mwanzo wao ulikuwa mmoja na hofu yao ni moja. Tofauti yao imetokana na tarehe na kibali cha kazi tu.

Mwisho wa shauri

Aliyekubaliwa huweza, baada ya mwaka mmoja, kuomba ukaazi wa kudumu. Huweza pia, ndani ya miaka 2, kuomba mke wake na watoto wake wasiooa wala kuolewa wenye umri chini ya miaka 21 wamfuate. Hilo ni jambo kubwa, na siwezi kulidharau. Wapo walio hai leo kwa ajili yake.

Asiyekubaliwa na afisa wa hifadhi, akiwa ruhusa yake ya kukaa imekwisha, kwa kawaida hapewi kwaheri akaenda zake. Hupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji, na hapo shauri linakuwa la kuondoshwa nchini. Mwaka 2024 mashauri yaliyokuwa yakingoja katika mahakama hizo yalikuwa zaidi ya milioni 3, kwa hiyo mtu aweza kungoja miaka. Akihama nyumba katika miaka hiyo, hana budi kuiarifu idara ya uhamiaji katika siku 10, na mahakama katika siku 5 za kazi. Barua ya kuitwa ikienda kwenye nyumba ya zamani naye asitokee, jaji huweza kutoa amri ya kumwondosha bila yeye kuwapo. Wapo waliopoteza shauri zuri kwa sababu ya anwani.

Na aliyesema uongo? Sheria ya Marekani inasema kwamba aliyepeleka kwa makusudi ombi la hifadhi lenye uongo katika mambo yake ya msingi, baada ya kuonywa, hatapata manufaa yoyote ya sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo, milele. Mke raia, mtoto raia, elimu kubwa, havitamsaidia. Wala msidhani kwamba maneno husahaulika. Aliyoyasema mtu ubalozini kuhusu safari yake, kazi yake na familia yake, yamewekwa, na huwekwa kando ya yale anayoyasema katika ombi.

Mpiga kengele

Nina ruhusa ya kusimulia habari ya mwenzetu mmoja, mradi nisimtaje. Waliokuwa bweni moja naye watamjua, na nawaomba wanyamaze. Alikuwa mpiga kengele wetu. Hakuwa na saa ya mkononi, lakini sikumbuki asubuhi hata moja aliyochelewa.

Alikwenda Marekani kutembea mwaka 2013, akapewa miezi 6, akakaa. Hakuwa anamkimbia mtu. Alikuwa na wadogo zake wa kusomesha, na kila mwezi alileta fedha. Wawili kati yao wamemaliza chuo kikuu. Mwaka 2017 alikutana na mtu anayejaza fomu kwa malipo, ambaye si wakili. Mtu huyo alimwambia kwamba njia ya kupata kibali cha kazi ni kuomba hifadhi, akamwandikia hadithi ya mateso ambayo haikuwa yake. Mwenzetu akatia sahihi. Shauri likaenda mahakamani, likakaa. Kwa muda alikuwa na kibali cha kazi na akalala usingizi.

Mwaka 2021 mama yake aliugua. Wakili wa kweli, ambaye sasa alikuwa amempata, alimweleza hali yake: siku alizokaa kabla ya ombi zilikuwa zimepita miaka 3, na ombi la mwaka 2017 haliwezi kuzifuta. Akitoka, ni miaka 10. Mke na watoto wake wawili wako huko. Alikaa juma zima akifunga na kufungua sanduku. Mama alifariki siku ya Alhamisi, tukamzika Jumamosi. Mdogo wake alisimama kando ya kaburi ameshika simu juu, ili aliye mbali asikie mchanga ukianguka. Nilikuwapo. Sijasikia tena ukimya kama ule uliotoka katika simu ile.

Baadaye aliliondoa ombi lile la uongo kabla jaji hajaamua, akaomba aondoke kwa hiari, akarudi nyumbani mwaka 2023. Lango lake litafunguka mwaka 2033. Watoto wake wanakua kwa mbali. Aliponiruhusu kusema habari hii, aliniambia: "Waambie vijana kwamba sikudanganywa juu ya sheria tu. Nilidanganywa juu ya mimi ni nani. Nilikubali kuitwa mkimbizi, na sikuwa."

Mzigo kwa wengine

Wapo watakaosema kwamba hayo ni shauri la mtu na nafsi yake. Sivyo. Agosti 2025 Marekani ilianza mpango wa majaribio wa kuwatoza dhamana waombaji wa viza ya kutembea kutoka nchi ambazo raia wake wengi huhesabiwa kuwa wamepitisha siku. Dhamana hiyo iliwekwa kuwa dola 5,000, au 10,000, au 15,000. Walianza na Malawi na Zambia. Tanzania iliingizwa kuanzia tarehe 23 Oktoba 2025. Desemba mwaka huo huo likatolewa tangazo la Rais wa Marekani lililozuia aina kadhaa za viza, za kutembea na za masomo zikiwamo, kwa raia wa nchi kadhaa pamoja na Tanzania, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na wanaopitisha siku walitajwa miongoni mwa sababu. Siingii katika kupima haki ya hatua hizo. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Sita aliyeketi hapa, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege, amekwisha kuandikwa katika hesabu ya watu asiowajua.

Wanaoumizwa zaidi na uongo ni wenye hofu ya kweli. Kila hadithi ya kununua inapogunduliwa, afisa anayemsikiliza mwombaji wa kesho huwa mgumu zaidi. Julai 2025 sheria mpya iliweka ada ya dola 100 kwa ombi la hifadhi, na nyingine 100 kwa kila mwaka ombi linapongoja. Zamani ombi lilikuwa bure. Novemba 2025 idara ya uhamiaji ya huko ilitangaza kusimamisha kwa muda uamuzi wa maombi ya hifadhi yaliyo mbele ya maafisa wake. Mambo haya hubadilika, na ndiyo maana nasema mtu aulize upya kila mara. Lakini mwandishi aliyepigwa kwa kalamu yake, au mtu aliyechomewa nyumba kwa dini yake, akifika leo, anakuta foleni ndefu na nyuso zenye shaka, na baadhi ya shaka hiyo imeletwa na watu kama sisi.

La kufanya

Ndugu Mwenyekiti, nimalize kwa mashauri machache.

Kwanza, kijana atakayesafiri asome tarehe ya kukaa siku ile ile anayofika, aiandike, na awape watu wa nyumbani waiandike. Mzazi anayejua tarehe ya mwanawe ataweza kumkumbusha.

Pili, mwenye hofu ya kweli asiifiche kwa kuogopa kwamba siku zake zimepita. Mficha uchi hazai. Kupitisha siku hakumwondolei haki ya kuomba. Kunyamaza mwaka mzima ndiko kunakoweza kumwondolea. Aende kwa wakili mapema, na kama hana fedha atafute vyama vya huko vinavyosaidia wakimbizi bure. Aseme ukweli wote, hata ule unaomwonyesha vibaya.

Tatu, asiye na hofu ya namna hiyo asiiazime. Siku zake zikikaribia kwisha, aombe kuongezewa au arudi. Aliyepitisha siku 30 au 60 akarudi, amepoteza viza yake, na akiomba nyingine ataulizwa maswali. Lakini hajafungiwa miaka 3 wala 10. Kurudi mapema ni hasara ndogo, na kila mwezi unaopita huongeza bei.

Nne, na hili nawaambia wenzangu watu wazima. Vijana wengi huko hawakai kwa ajili ya tamaa yao, hukaa kwa ajili yetu. Tunawapigia simu kuomba ada, bati na sanduku la marehemu, wala hatuulizi karatasi zao zikoje. Kabla ya kumwomba fedha aliye ng'ambo, tumwulize kwanza, "Siku zako je?" Tena tuwe na moyo wa kumpokea anayerudi mikono mitupu. Wapo wanaoogopa lango la nyumbani kuliko jaji wa Marekani, kwa sababu wanajua tutawacheka.

Mwisho, napendekeza kwamba Chama chetu, ambacho kina mawakili, waalimu na watumishi wa Uhamiaji wastaafu, kiwe na siku moja kila mwaka ya kukaa na vijana wanaomaliza Kidato cha Sita na kuwaeleza mambo haya kwa lugha nyepesi. Mimi nitakuja kwa nauli yangu. Yule mwenzetu aliyerudi mwaka 2023 amekubali kuja pia, naye ameniambia ataijibu kila swali atakaloulizwa.

Naona wapishi wamekwisha fungua dirisha.